Pamba Yako Baada ya Mizani

Liko swali ambalo mabwana shamba huulizwa kila msimu: "Pamba tunalima sisi. Mbona nguo tunazonunua gulioni zinatoka ng'ambo?" Swali hilo lina majibu mawili. Moja liko viwandani, na jingine liko shambani kwako.

Tuanze na safari ya pamba yenyewe. Unayopeleka kituoni ni pamba mbegu. Kwenye kinu cha kuchambulia, pamba nyuzi hutengwa na mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Pamba nyuzi hushindiliwa kuwa marobota, na hapa Tanzania robota moja huhesabiwa kilo 181. Kwa kuwa nyuzi ni kama theluthi moja tu ya pamba mbegu, au zaidi kidogo, robota moja linahitaji kama kilo 500 za pamba yako.

Baada ya hapo zimebaki kazi tatu: kusokota pamba iwe uzi, kufuma uzi uwe kitambaa, halafu kutia rangi na kupiga chapa. Kila kazi huongeza thamani na kumpa mtu mshahara. Tukiuza robota, kazi zote tatu tumewaachia wengine. Na ndivyo ilivyo, maana sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa bado marobota.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitia fedha nyingi katika viwanda vya nguo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Mwanza wakapata Mwatex, Musoma wakapata Mutex. Lakini kiwanda cha nguo hakiendeshwi kwa pamba peke yake. Kinataka umeme usiokatika, maji mengi, rangi na vipuri, na vingi kati ya hivyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Miaka ya 1980 fedha hizo ziliadimika, mashine zikasimama zikingoja vipuri. Kisha nguo za nje na mitumba zikaingia kwa bei ambayo viwanda vyetu havikuiweza. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma vilifungwa au vikatafutiwa wenye mtaji.

Je, biashara ya nje? Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo AGOA, iliyofungulia nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Viwanda vya kushona vikapata soko. Lakini sheria hiyo iliziruhusu nchi maskini kushona kwa vitambaa vya kutoka kwingine. Basi suruali iliweza kuondoka bandari ya Dar es Salaam kwa jina la Tanzania, na ndani yake isiwemo hata chembe ya pamba ya Meatu au Bariadi. Hapo ndipo pengo lilipo. Pamba tunayo, mafundi wa kushona tunao. Pungufu ni mitambo ya kusokota na kufuma, nayo hutaka mtaji mkubwa.

Haya, sasa jibu la pili. Mwenye mtambo wa kusokota, awe wa hapa au wa nje, huangalia urefu wa nyuzi, nguvu, rangi na usafi. Sisi tunachuma kwa mkono, na hiyo ni bahati, maana mkono unaweza kuacha majani na vijiti mtini. Lakini tangu biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wengi waligombania pamba bila kuangalia daraja, na sifa yetu ikashuka.

Adui mbaya kuliko wote ni mfuko wa salfeti. Uzi wake wa plastiki ukijichanganya na pamba, hauonekani. Husokotwa, hufumwa, lakini haushiki rangi. Kitambaa chekundu kinatoka na alama nyeupe, kinashushwa bei. Mwenye kiwanda hajui salfeti ilikuwa ya nani, kwa hiyo hupunguza bei ya pamba yetu sote.

Wako wanaosema: "Mizani inatuibia, nasi tunajilipia kwa maji na mchanga." Kilio cha mizani ni cha kweli mahali pengi. Lakini maji huvundisha pamba na kuharibu rangi yake, na mchanga hula mashine. Mizani ukiitilia shaka, chama chenu kiite Wakala wa Vipimo waje kuikagua.

Basi shikeni haya. Chuma pamba iliyofunguka vizuri, umande ukishakauka. Chukua mifuko miwili ya kitambaa cha pamba, mmoja wa pamba safi, mmoja wa pamba fifi, utenge hapo hapo shambani. Anika juu ya kichanja, wala si chini. Salfeti iachie mahindi.

Na kwenye mkutano ujao wa chama cha msingi, ulizeni: pamba safi ya kijiji chetu inalipwa bei ya pamba safi? Kama hapana, mdai. Mwenye kutenga madaraja bila kulipwa tofauti hatarudia msimu wa pili.

Kwaherini, na mavuno mema.