Binti Yako Akitaka Kukimbia

Wazazi wapenzi, binti yenu akiomba kwenda mashindano ya mbio, msimjibu upesi, "Hayo ni ya wavulana." Wakuu wa michezo nao walinena hivyo zamani. Mwaka 1928, huko Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 katika Olimpiki. Walipoonekana wamechoka, wakuu waliogopa, wakaziondoa mbio hizo hadi mwaka 1960. Lakini kuchoka si kuugua. Wanaume nao huchoka. Mwaka 2008, huko Beijing, Pamela Jelimo alishinda mbio hizo hizo, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Je, msichana apandaye mlima na ndoo kichwani ana miguu dhaifu? Mpeni ruhusa, na siku ile kaka yake achote maji.