Selimundu: Zamu ya baba katika kumlinda mtoto

KATIKA familia nyingi humu nchini, mtoto anapougua macho yote humwelekea mama. Yeye ndiye hubeba kadi ya kliniki, hulala hospitalini na kukariri majina ya dawa. Baba hutoa nauli na pesa za matibabu, kisha hurejelea shughuli zake akisubiri kusimuliwa alichosema daktari.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, desturi hiyo ni ya hatari. Maradhi haya ni ya maisha, na homa iliyoanza jioni yaweza kumwua mtoto kabla ya mapambazuko. Iwapo mzazi mmoja tu ndiye ajuaye la kufanya, basi mtoto yuko salama tu wakati mzazi huyo yuko nyumbani.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi yenyewe, kwa baba mwenye mtoto wa aina hii, huanza alfajiri na haikomi hata taa zikizimwa.

Selimundu huathiri hemoglobini, yaani protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu na inayosafirisha oksijeni mwilini. Chembe za kawaida ni za mviringo na laini, nazo hupenya hata katika mishipa myembamba kabisa. Za mgonjwa hujikunja na kuwa ngumu, zikachukua umbo la mundu wa kukatia nyasi. Hapo ndipo lilipotoka jina la ugonjwa wenyewe.

Chembe hizo hukwama mishipani na kuziba njia ya damu, jambo linalosababisha maumivu makali. Aidha, hazidumu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, ilhali ya mgonjwa hufa baada ya siku 10 hadi 20. Hii ndiyo sababu mtoto hupungukiwa na damu mara kwa mara na macho yake kuonekana ya manjano.

Mtoto hazaliwi na dalili hizi. Hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni humkinga kwa miezi michache. Kuanzia karibu na umri wa miezi 6, mikono na miguu yaweza kuvimba na kuuma, naye akalia pasipo sababu inayoonekana. Wengine hudhani amevunjika au amerogwa.

Wazazi wote wawili

Jambo la kwanza ambalo baba anapaswa kulikubali ni kwamba ugonjwa huu haukuletwa na mama peke yake. Mtoto wa kundi la SS hurithi kinasaba kimoja cha selimundu kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba. Mzazi mwenye kinasaba kimoja, yaani AS, huwa mzima wa afya na aweza kuishi hadi uzeeni bila kujua.

Wazazi wawili wa AS wanapokutana, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kupata mtoto wa AS kama wao, na asilimia 25 wa kupata mtoto asiye na kinasaba hicho kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Kwa hivyo, mume anayemtimua mkewe akidai ukoo wao una mkosi hujidanganya. Nusu ya mkosi huo, kama ni mkosi, imo katika damu yake mwenyewe.

Humu nchini ugonjwa huu hupatikana zaidi katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani, wala si kwa bahati. Mnamo 1949, Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba kinasaba cha selimundu kilikuwa kingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: wenye kinasaba kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu mahali palipo na mbu wengi.

Hata hivyo, kinga hiyo ni ya mwenye AS. Mtoto wa SS hana bahati hiyo, na malaria kwake ni adui mkubwa kwa kuwa humaliza damu ambayo tayari ni chache. Baba anayesikia kwamba "sikoseli huzuia malaria" na kuacha kutundika chandarua amelielewa jambo hili kinyume.

Kazi za asubuhi

Siku huanza kwa dawa. Kwa kawaida mtoto hupewa vidonge vya asidi ya foliki vya kusaidia mwili kuunda damu, dawa ya kumkinga na malaria ambayo mara nyingi ni proguanili, na penisilini ambayo hutolewa mara mbili kwa siku hadi angalau atimize umri wa miaka 5.

Wazazi wengi hushindwa kuelewa kwa nini mtoto asiyeumwa ameze penisilini kila siku. Sababu ni kwamba wengu, au bandama, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu, huharibiwa na ugonjwa huu mapema mno. Mtoto hubaki bila mlinzi, na bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo wanaweza kumwangusha kwa muda mfupi. Chanjo ya nimonia, iliyoingizwa katika ratiba ya chanjo za watoto nchini mwaka 2011, ni ngao muhimu lakini haichukui nafasi ya dawa hiyo.

Baba anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuendesha bodaboda au kupokea samaki ufuoni hana budi kukubaliana na mkewe nani atatoa dawa ipi na saa ngapi. Kalenda ukutani, inayotiwa alama kila dawa inapotolewa, huzuia mtoto kupewa mara mbili au kusahauliwa kabisa.

Baada ya dawa kuna ukaguzi usiochukua hata dakika tano. Baba humpapasa mtoto paji la uso, hutazama viganja na midomo kama imepauka, kisha humgusa tumbo chini ya mbavu za kushoto. Hapo ndipo wengu hukaa. Wakati mwingine damu nyingi hunaswa humo ghafla, tumbo likavimba na mtoto akalegea. Hali hiyo yaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Nchini Jamaica, ambako watafiti walianza kufuatilia watoto wenye selimundu tangu kuzaliwa kwao mwaka 1973, wazazi walifunzwa kuupapasa wengu. Vifo vilivyotokana na tatizo hilo vilipungua. Muuguzi yeyote wa kliniki anaweza kumfunza baba kufanya hivyo, mradi baba afike kliniki.

Shuleni na uwanjani

Mtoto mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mengi kuliko wenzake, kwani damu ikikosa maji chembe hujikunja kwa urahisi. Chupa ya maji ni sehemu ya sare yake ya shule. Figo zake nazo hazina uwezo wa kuzuia maji, hivyo huenda haja ndogo kila mara na huweza kukojoa kitandani hata akiwa na umri mkubwa.

Akina baba wengi huchukulia hilo kuwa uvivu na kumchapa mtoto. Wengine humnyima maji jioni ili kitanda kisilowe. Adhabu zote mbili ni kosa, na hiyo ya pili yaweza kumtia katika maumivu usiku huo huo. Kitambaa cha plastiki juu ya godoro na kumwamsha mara moja usiku ni bora kuliko kiboko.

Baba anapaswa pia kuzungumza na mwalimu. Mtoto aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara tatu, avae sweta kunapokuwa na baridi, asiadhibiwe kwa kusimamishwa mvuani wala kukimbizwa hadi achoke. Macho ya manjano yasiwafanye wenzake wamwepuke, maana selimundu haiambukizwi. Kucheza anaweza, bora apumzike anapochoka.

Maumivu na homa

Maumivu ndiyo huvunja moyo wa wazazi. Huja bila jeraha wala uvimbe wa kuonyesha. Baba aliyezoea kumwambia mwanawe kwamba mwanamume halii anafaa kuisahau kauli hiyo. Mtoto hajidai.

Maumivu yanapoanza, apewe maji ya kutosha, dawa za kutuliza alizoelekezwa na daktari, na mahali panapouma pakandwe kwa kitambaa chenye joto. Barafu na maji baridi huzidisha hali. Maumivu yakikataa kutulia, au mtoto akiumwa na kifua na kupumua kwa shida, apelekwe hospitalini mara moja. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, ulimi ukiwa mzito au mkono mmoja ukikosa nguvu, kwani selimundu yaweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto wa umri wa chekechea.

Kuna tatizo jingine ambalo watoto wa kiume huona haya kumwambia mama, nalo ni uume kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Hali hiyo isipotulia kwa muda wa saa 2 huhitaji daktari. Mvulana atalisema tu iwapo baba alimweleza mapema kwamba ni sehemu ya ugonjwa wala si aibu.

Lakini jambo lisilosubiri hata kidogo ni homa. Kila nyumba yenye mtoto huyu inahitaji kipimajoto. Joto likizidi nyuzi 38 za Selsiasi, safari ya hospitali ni usiku huo, si asubuhi. Dawa ya kushusha homa hushusha joto tu. Haiui bakteria walio katika damu, na nafuu ya saa chache imewapumbaza wazazi wengi.

Kwa sababu hiyo, maandalizi hufanywa kabla ya usiku wenyewe kufika. Nambari ya simu ya mwenye teksi au bodaboda anayeaminika ihifadhiwe, nauli iwekwe kando na isiguswe, na kadi ya kliniki iwe katika mkoba ulio karibu na mlango.

Mzigo wa mfuko

Ugonjwa huu hula pesa na pia siku za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba likizo ya wiki 2 mtoto anapozaliwa na likizo ya kawaida ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi anayeugua mwenyewe. Hivyo baba aliyeajiriwa hutumia likizo yake ya mwaka kukaa wodini, naye kibarua hupoteza ujira wa siku. Ni heri kumweleza mwajiri mapema kuliko kutoweka ghafla.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, huku asiye na ajira rasmi akikadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Baba asingoje mtoto alazwe ndipo agundue kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya wanaomtegemea.

Aidha, mtoto akihitaji kuongezwa damu, mara nyingi familia huombwa kutafuta wachangiaji. Baba aliyekwisha kuzungumza na jamaa, wenzake wa kazini na waumini wenzake hapati taabu sawa na anayeanza kupiga simu usiku wa manane.

Matumaini yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha zaidi ya watoto 600 nchini Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na hapa Kenya katika kaunti ya Kilifi, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu na hata vifo. Dawa hiyo humezwa kila siku na huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, kwa hivyo daktari ndiye huamua nani aitumie na kwa kiasi gani. Dawa za kuongeza madini ya chuma zinazouzwa madukani nazo zisitolewe bila idhini yake.

Ndugu wa mtoto huyo wasisahauliwe. Wapimwe ili ijulikane nani ni AS kabla ya wao pia kuoa au kuolewa, na wapewe muda wao na baba, kwani mtoto mzima katika nyumba yenye mgonjwa hujifunza haraka kunyamaza.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizi linalohitaji shahada wala utajiri. Kupapasa tumbo, kujaza chupa ya maji, kusoma kipimajoto na kuondoka usiku bila kubishana ni mambo ambayo baba yeyote aweza kujifunza katika ziara moja ya kliniki. Kinachotakiwa ni yeye kwenda.