Chombo gani cha kulishia ndege kinafaa uani?

Mnatuuliza chombo gani kitavuta ndege uani. Huku pwani tuanze na kunguru, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na sasa hupora mayai na makinda ya ndege wengine. Sinia la makombo ya ugali humwita yeye kwanza. Sisi tungechagua chupa ya kuning'iniza, yenye matundu madogo na vijiti vifupi: kwera na shomoro hutua bila shida, kunguru hapati pa kukanyaga. Tia uwele mkavu, kidogo kidogo, maana ukilowa huota ukungu. Chupa ioshwe kila wiki. Kinyesi hueneza magonjwa. Chozi, kwa kawaida, hana haja na nafaka. Huyo mpandie maua.