Kidato cha Tatu: Tusimwache Binti Achague Masomo Peke Yake

Wazazi wenzetu, shuleni kuna uamuzi mmoja unaofanyika kimya kimya, nao una uzito kuliko mengi tunayoyapigia kelele. Ni uchaguzi wa masomo mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu.

Kwa utaratibu uliozoeleka miaka mingi, baada ya upimaji wa kidato cha pili mwanafunzi huendelea na masomo ya lazima: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia, Kemia na masomo ya biashara huwa ya kuchagua. Hapo ndipo mabinti wengi wa Hirbadaw na vijiji vya jirani huiaga sayansi. Sababu ni zile zile: somo ni gumu, rafiki yangu ameliacha, mwalimu hayupo.

Mlango unapofungwa

Sisi wauguzi hukutana nao miaka miwili baadaye. Binti huja na cheti cha kidato cha nne, anataka kusomea uuguzi. Huku kwetu ndoto hiyo haishangazi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imehudumia watu wa Mbulu na Hanang tangu mwaka 1955, na wengi wetu tumezaliwa au kuzalia huko. Tunamwuliza, "Kemia ulipata nini?" Anainamisha kichwa: "Niliiacha, sista."

Stashahada ya uuguzi na ukunga hudai ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, bila kuhesabu ya dini, na kati yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anayetaka kuwa tabibu hudaiwa hayo hayo. Historia nzuri haiwezi kujaza pengo la Kemia.

Lakini wengi hawajui jambo hili: alama ya D ni ufaulu. Binti anayepata alama za wastani katika Fizikia hana sababu ya kuitupa. Akiishikilia na kupata D, mlango unabaki wazi.

Aliyekwisha kuacha anaweza kurudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ila kuna ada, kuna muda, na mafunzo ya vitendo huhitaji maabara. Wapo waliouza ng'ombe kulipia kitu ambacho awali kilikuwa darasani bila ada.

Si sayansi tu

Hatusemi kila mtoto awe muuguzi. Mwenye kipaji cha lugha na historia anaweza kuwa mwalimu au mwanasheria. Mwenye akili ya hesabu za fedha atafaa kwenye ushirika au duka la pembejeo. Tangu Januari 2024 mkondo wa elimu ya amali nao umeanza katika baadhi ya shule, na mitaala mipya inaingia kwa hatua. Kwa hiyo orodha ya masomo ya mwanao huenda si ile ya dada yake. Mwulize mwalimu wa taaluma.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Keti na binti likizo ya Desemba, baba naye awepo. Mwulize anapenda nini, kisha mtazame pamoja kazi hiyo inadai masomo gani.

2. Nenda shuleni. Uliza kama mwalimu wa Fizikia yupo na kama majaribio hufanyika. Kama hayupo, wazazi walisemee jambo hilo kwenye kikao.

3. Punguza kazi za jioni. Binti anayeteka maji, kupika na kufungia ndama hana nguvu ya kushika daftari. Kaka yake naye ana mikono, abebe ndoo.

4. Usimchagulie. Mzazi anayelazimisha ndoto yake humtwisha mtoto mzigo usio wake. Mweleze njia, kisha msikilize.

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alitaja mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kushindwa kumaliza. Uchaguzi wa masomo ni kuketi huko. Tuombe pamoja na watoto wetu, halafu tuwashe taa, tuketi nao mezani, karatasi ya masomo ikiwa mbele yetu kabla haijarudishwa kwa mwalimu.