Watafiti wafungua programu za pesa za simu, wakuta milango wazi

MKULIMA aliyeuza vitunguu vyake sokoni siku hizi si lazima arudi nyumbani na mfuko wa noti. Hulipwa kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo hulipa mbolea, vibarua na ada ya watoto. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, imewapunguzia wengi hofu ya kuvamiwa njiani.

Hata hivyo, lipo swali ambalo wengi hatujiulizi. Fedha zikishapita hewani, nani ameikagua njia zinamopita?

Swali hilo lilifanyiwa kazi katika maabara ya usalama wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Wanafunzi watatu wa shahada ya uzamivu, Bradley Reaves, Nolen Scaife na Adam Bates, pamoja na walimu wao Patrick Traynor na Kevin Butler, walichapisha matokeo yao mwaka 2015.

Kwanza walikusanya programu zote 46 za pesa za simu zilizojulikana wakati huo kwa simu za Android, wakazipitisha kwenye kompyuta ili zikaguliwe moja kwa moja. Baadaye wakachagua saba na kuzifungua kwa mkono. Hizo saba hazikuwa za Kenya wala Tanzania, bali za India, Indonesia, Ufilipino, Thailand na Brazil.

Kazi yenyewe inafanana na ya fundi anayefungua injini ya pikipiki mezani. Programu hurudishwa katika maandishi yanayosomeka, kisha mtafiti huifuata hatua kwa hatua: mteja anavyojisajili, anavyoingia kwa namba ya siri na anavyotuma fedha. Katika kila hatua hujiuliza mwizi angeweza kupenya wapi. Ujuzi huu haupatikani ubaoni peke yake. Mwanafunzi huupata kwa kufungua, kukosea na kurudia.

Walichokikuta

Kati ya programu saba, sita zilikuwa na kasoro kubwa. Jumla ya kasoro hizo ilikuwa 28.

Ya kwanza ni kutokagua cheti. Simu inapowasiliana na kampuni ya fedha, inapaswa kuhakiki kwamba upande wa pili kweli ni kampuni hiyo, kama unavyodai kitambulisho kwa mgeni anayesema ametumwa kuchukua fedha zako. Baadhi ya programu hazikufanya hivyo ipasavyo. Hivyo basi, mwizi aliye kwenye mtandao huo huo wa intaneti isiyo na waya angeweza kukaa katikati na kujifanya kampuni.

Ya pili ni kufuli za kujitengenezea. Zipo njia za kuficha taarifa ambazo wataalamu wamezijaribu kwa miaka mingi, lakini baadhi ya watengenezaji waliziacha na kubuni zao, ambazo zilivunjika kwa urahisi. Ya tatu ni kuvujisha taarifa za mteja.

Kwa mianya hiyo, mwizi angeweza kujifanya mteja halali, kubadili malipo yaliyo njiani au kuiba kumbukumbu za fedha.

Nani anabeba hasara?

Jambo linalomgusa zaidi mfanyabiashara mdogo halikutoka ndani ya programu. Watafiti walisoma pia masharti ya huduma, yale maandishi marefu ambayo wengi wetu hubonyeza tu "nakubali". Waligundua kwamba mzigo wa hasara ulikuwa umewekwa begani kwa mteja, hata pale kosa lilipotokana na programu yenyewe.

Walipozikagua tena baada ya mwaka mmoja, maboresho yalikuwa madogo.

Tumezoea kuambiwa kwamba anayeibiwa ni yule aliyetoa namba yake ya siri. Utafiti huu unaonyesha kwamba mteja anaweza kuitunza namba hiyo vizuri na bado mlango ukawa wazi upande wa pili.

Kwa muuza duka, wakala au mkulima, yapo mambo machache ya kufanya. Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako tu, na usicheleweshe toleo jipya linapotoka, kwa kuwa ndilo huziba mianya. Usitume fedha ukiwa kwenye intaneti ya bure ya hotelini au stendi. Kabla ya kukabidhi mzigo, angalia salio lako mwenyewe badala ya kutegemea ujumbe peke yake.

Mwisho, nunua daftari. Andika tarehe, kiasi na namba ya kila muamala. Ikiwa masharti yanakutupia hasara, siku ya mgogoro wewe ndiye utakayetakiwa kuleta ushahidi.