Detroit, 1912: waliogoma walilipa kuliko aliyepiga

Ku sendika kuko ulizo moja yenye haiishake: mwenzetu akikosa kweli, na wakubwa wakamuazibu bila kumusikiliza, tumutetee ao tumuache? Leo hatutafute jibu ku mine. Tunaenda Marekani, ku mchezo wa besiboli, mwaka wa 1912.

Besiboli wengi wetu hatuichezake. Mtu mmoja anatupa mpira, mwingine wa ekipe ya pili anaupiga na fimbo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vine mpaka pale alitokea. Akifika, njo pointi moja.

Ile wakati Ty Cobb wa Detroit Tigers alikuwa kati ya wachezaji wakubwa kupita wote. Alikuwa pia mtu wa hasira. Tarehe 15 mwezi wa tano, ekipe ilikuwa New York. Mtazamaji mmoja, Claude Lueker, akamutukana muda murefu, mpaka kumuambia kama damu yake imechanganyika na ya mtu mweusi. Kwa mzungu wa Kusini kama Cobb, ile ilikuwa tusi kupita zote. Tujue kama zile ligi kubwa hazikukubali mchezaji mweusi hata mmoja. Jackie Robinson njo alifungua mulango, ku mwaka wa 1947.

Cobb akapanda kule watazamaji wanaikala, akamupiga ngumi na mateke. Watu wakapiga kelele: ile mtu hana mikono! Ilikuwa kweli. Lueker alikuwa mfanyakazi, na mashine ya kuchapa ilimukata vidole 8. Cobb hakuacha. Sisi wa mine tunajua watu wenye mashine iliwakata vile. Tunaikala nao ku karitie.

Mkubwa wa ligi, Ban Johnson, akamusimamisha Cobb, bila kusema mpaka siku gani. Wachezaji wenzake wengi hawakumupenda Cobb, lakini wakatuma telegramu: kama Cobb hachezi, na sisi hatuchezi. Waliona kama mtu hawezi kuazibiwa bila kusikilizwa. Tena walichoka kutukanwa bila mtu wa kuwalinda.

Tarehe 18, ku Philadelphia, Cobb akaingia ku kiwanja na wenzake. Wakamutosha. Ekipe nzima ikatoka nyuma yake. Huu njo ulikuwa mgomo wa kwanza wa wachezaji ku ile ligi.

Patroni wa Detroit, Frank Navin, alijua kama ekipe isipocheza, atalipa faini ya dola 5.000. Basi wakaokota watu wa siku moja: vijana wa mujini, na wasaidizi wawili wa ekipe wenye walishaka kuzeeka. Kutupa mpira wakamupatia mwanafunzi mmoja, Allan Travers, mbele ya Athletics, mabingwa wa 1910 na 1911. Mechi iliisha 24 kwa 2. Travers hakurudia tena ile kazi. Kisha akakuwa padri wa Wayezuiti.

Watu walicheka sana, lakini kwa wenye kugoma haikukuwa kichekesho. Patroni alionyesha kama anaweza kujaza kiwanja na mtu yeyote, hata wa kupoteza mechi. Johnson naye akawatisha kama atawafukuza kwa maisha yote. Cobb mwenyewe akawaomba warudie ku kazi. Tarehe 21, ku Washington, wakacheza.

Sasa tuhesabu. Cobb, mwenye kupiga mlemavu, alisimamishwa siku 10 na akalipa dola 50. Wenye kumutetea, kila mmoja alilipa dola 100. Hapo unaona wakubwa waliogopa nini. Ngumi za Cobb hazikuwaogopesha sana. Kile kiliwaogopesha ni watu wenye kutoka pamoja.

Na wale wachezaji walikuwa na sababu kubwa kupita ile ya Cobb, lakini hawakuiweka ku telegramu. Kontra zao ziliwafunga. Mwaka ukiisha, patroni njo alikuwa na haki ya kumubakisha mchezaji. Mchezaji hakuwa na ruhusa ya kwenda ekipe ingine yenye kulipa muzuri. Akikataa mshahara, anaikala ku nyumba.

Ile mwaka 1912, avoka David Fultz, mchezaji wa zamani, alianzisha umoja wa wachezaji. Haukudumu miaka mingi. Ilibidi kungoja 1966, wakati wachezaji walimuita Marvin Miller, mtu mwenye alitoka ku sendika ya wafanyakazi wa chuma. Miaka miwili nyuma, wakapata makubaliano ya kwanza na mapatroni. Ku mwezi wa kumi na mbili 1975, ile kamba ya kontra ikakatika.

Turudie ku ulizo yetu. Sisi tunasema: tumutetee mwenzetu asikilizwe, hata kama alikosa. Lakini kumutetea asikilizwe haiko kuficha makosa yake. Pale Detroit, kati ya wale wote wenye kusema haki, hatuone mtu alisimama kwa Lueker, mfanyakazi bila vidole. Sendika ikisahau mtu wa namna ile, itagoma siku moja kwa ajili ya nyota, na kesho yake itarudia ku kazi na faini mu mufuko.