Mgeni Apewe Besi

Husemwa sana kwamba muziki hauhitaji mkalimani. Basi anayekwenda kukaa na familia ugenini hujaza simu nyimbo za kwao, akitumaini zitajieleza zenyewe sebuleni. Hazijielezi. Wimbo wa kwenye simu huwapa wenyeji kazi ya kusikiliza kwa adabu, na adabu huchoka. Kinachowaunganisha watu ni mmoja kumpa mwenzake sehemu ya kuimba.

Tazama Georgia, nchi ya Kaukazi (si lile jimbo la Marekani). Karamu ya nyumbani huko, supra, huongozwa na tamada, anayetamka kila glasi inanywewa kwa heshima ya nani: wazazi, marehemu, mgeni. Penye waimbaji, maneno yake hufuatwa na wimbo wa sauti tatu. Sauti mbili za juu kwa kawaida huwa na mwimbaji mmoja mmoja. Besi, waiitayo bani, ni ya wengine wote mezani. Yaani nafasi ya mgeni ipo kabla hajabisha hodi. Tena besi ina huruma: mara nyingi hupanda na kushuka hatua moja moja, au hutulia palepale huku zile za juu zikizunguka. Kutojua lugha nako si kikwazo kikubwa, maana nyimbo nyingi za Svaneti, kule milimani, zimejaa silabi ambazo hata wenyeji hawazitafsiri. Lakini muziki wenyewe haueleweki hivi hivi. Vipimo vya sauti zao havilingani na vya piano, na aliyelelewa kwenye kwaya atadhani wenzake wanapotoka, kumbe anayewavuta ni yeye. UNESCO iliutambua uimbaji huu mwaka 2001, na wimbo wao Chakrulo ulirushwa angani mwaka 1977 ndani ya chombo cha anga cha Voyager. Sifa zote hizo hazimsaidii mgeni kuipata noti. Itambidi apunguze sauti, amsikilize aliyekaa naye bega kwa bega, ajirekebishe.

Je, huo si unyonge, kuitikia tu bila kutoa chako? Swali ni la haki. Ila mwenyeji aliyekufundisha besi yake sasa ana sababu ya kukuuliza ya kwenu. Hapo simu ibaki mfukoni. Chagua wimbo wenye kiitikio kifupi, ongoza, waache waitikie. Ngoma zetu nyingi zimejengwa hivyo, nao watapata pa kushika. Wengine watasema familia zinazopokea wageni kwa malipo huimba kwa ajili ya pesa. Zipo. Lakini supra ilikuwa na mgeni kabla ya watalii, na kinacholipiwa ni kitanda na chakula. Hakuna bei ya kumzuia jirani yako mezani asikunje uso ukiharibu besi.